Kidole si kalamu, enyi wauza laptopu

Wauza laptopu wa hapa mjini Mwanza wana mchezo mmoja ambao sasa umenifika shingoni. Unaingia kwenye fremu, unasema unatafuta mashine ya kuchorea, ile inayogeuka kishikwambi. Kijana anaishusha kutoka kwenye shelfu, anaipindua mpaka kibodi inakwenda mgongoni, anafungua Paint, halafu kwa kidole cha shahada anachora moyo. "Umeona, dada'angu? Tachi hiyo. Hapo unachora mpaka uchoke mwenyewe." Maelezo yameishia hapo. Kinachofuata ni bei.

Binti wa dada'angu, yuko chuo, na mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, kauziwa moyo wa namna hiyo. Pesa ilikuwa ya mama yake anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, na aliyewahi kuanika dagaa msimu wa mvua anajua pesa hiyo inavyopatikana. Kaniletea mashine inang'aa, bawaba zinazunguka nyuzi 360, na juu yake kaongezewa kalamu yenye kichwa cha mpira. "Mamdogo, hii kalamu mbona inachora kama kidole?"

Kwa sababu ni kidole, mwanangu. Nikaingia kwenye mipangilio, "System", halafu "About", nikashuka mpaka mstari wa "Pen and touch". Umeandikwa "Touch support with 10 touch points". Vidole kumi inavitambua, kalamu haijawahi kusikia. Mashine yenye uwezo wa kalamu huandika hapohapo kwamba ina "Pen and touch support". Ni mstari mmoja tu, unausoma bure kabla hujatoa hata mia. Na usiniambie fundi ataongeza: kinachokosekana kilipaswa kuwekwa kwenye kioo huko kiwandani. Alipouliza habari za kalamu, wale mabwana walimjibu, "Utanunua yoyote."

Yoyote! Neno hilo ndilo limenikalisha kuandika.

Kalamu ya mpira haipeleki chochote kwenye mashine zaidi ya kusema "nimegusa hapa". Ukandamize, upapase, mstari unatoka unene uleule. Kiganja kikitua kwenye kioo, nacho kinachora, kwa hiyo unalazimika kushika mkono hewani kama mtu anayeogopa sufuria la moto. Chora wavu wa dagaa namna hiyo uone. Chora kope za bibi harusi kwenye kadi, halafu mpelekee mama wa bibi harusi.

Kalamu ya kweli ni mfumo mzima, na mifumo iko mingi isiyoelewana. Wacom, kampuni ya Kijapani, wana mfumo wa sumaku uitwao EMR: nyuma ya kioo kuna utando wa nyaya unaotoa mawimbi, kalamu ina koili inayoyapokea, inapata nguvu humohumo na kujibu iko wapi na imekandamizwa kiasi gani. Haina betri. S Pen ya vishikwambi vya Samsung Galaxy Tab S inachora kwa mfumo huo, na afadhali Samsung wanaitia ndani ya boksi. Microsoft nao Surface Pro yao ya kwanza, kishikwambi cha Windows chenye kibodi ya kubandua, ya 2013, ilikuwa na Wacom. Mwaka 2014, kwenye Surface Pro 3, wakahamia kwa kampuni nyingine, N-trig, na mwaka uliofuata wakainunua teknolojia yenyewe. Hiyo kalamu yake inataka betri. Halafu kuna Wacom AES, nayo ya betri, iliyomo kwenye ThinkPad Yoga nyingi za Lenovo na baadhi ya Dell na HP za maofisini, hizi zinazotufikia zikiwa mtumba. Kalamu ya Surface kwenye ThinkPad ya AES ni kijiti tu. Hata ndani ya kampuni moja, toleo hili linakubali kalamu hii na toleo lile linaikataa. Zipo chache zinazocheza pande zote mbili, kama Bamboo Ink ya Wacom, inayojua AES na ya Microsoft, lakini hiyo uende nayo mwenyewe, usitegemee kuikuta kwenye droo ya muuzaji.

Na betri yenyewe! Kalamu nyingi za aina hiyo zinakula AAAA, A nne, nyembamba kuliko za rimoti. Zunguka Makoroboi, panda Barabara ya Kenyatta, uliza kila mwenye meza. Watakupa ya rimoti na kukuhakikishia kwamba ni ileile.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue mashine gani ya kuchorea, namuuliza kwanza kalamu iko wapi. Prosesa baadaye. Rangi ya mashine baadaye kabisa. Kama kalamu haipo mezani, hiyo ni laptopu ya kawaida yenye kioo cha tachi, na bei yake iwe ya laptopu ya kawaida.

Kalamu ikiwepo, kazi ndiyo inaanza. Nenda na flashi yenye Krita. Ni programu ya kuchora ya bure, na ipo ya kubebeka isiyohitaji kusimikwa. Unachomeka, unafungua, unachora papo hapo dukani. Beba na rula. Weka rula mshazari juu ya kioo, chora mstari polepole sana, polepole hadi muuzaji aanze kukuangalia vibaya. Ukichora haraka kila kalamu inapendeza. Ni polepole ndipo ubovu unapojitokeza, mstari uliotakiwa kunyooka unatoka na mawimbi, hasa kwenye hii mifumo ya betri. Kwenye EMR ya Wacom mawimbi hayo ni madogo au hayaonekani, ila nayo hupenda kuteleza ukifika pembeni mwa kioo, basi chora hadi kwenye kona zote nne. Gusa kwa wepesi, kama unatia kivuli chini ya jicho: kalamu mbovu haitoi kitu mpaka uikandamize. Laza kiganja chote. Nilipokuwa nafanya hivi kwenye fremu moja, kijana akaniuliza, "Dada, unanunua au unasahihisha mtihani?" Vyote viwili, mdogo wangu.

Wakikwambia "hii ina viwango 4096 vya mkandamizo", itikia kwa heshima na uendelee na rula yako. Viwango 1024 vimechora picha nzuri nyingi tu.

Sasa haya mengine, haraka. Winga atakuimbia "i7, i7" mpaka mlangoni. Mwambie asome namba yote. Katika hizi za mtumba, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i7-6600U ni kizazi cha sita, viini viwili vya kufanyia kazi, i5-8250U ni cha nane, viini vinne. Yaani i5 anayoidharau ina viini mara mbili ya i7 anayokuuzia ghali. Tena Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida haipokei rasmi Intel iliyo chini ya kizazi cha nane. Ndiyo maana ghafla mji umejaa za kizazi cha sita na saba kwa "bei ya kutupa". Wenzetu huko nje wamezitupa kweli. Inaweza kukufaa, hasa ukiwa mtu wa Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows, ila ununue ukijua, na bei ishuke sawasawa.

Ramu, GB 8 ndiyo mwanzo. Kwenye Surface na nyingi za wembamba huo imechomelewa kwenye ubao, haiongezwi.

Surface inachorea vizuri, sibishi. Kioo chake cha uwiano wa 3:2 kinakaa kama karatasi ukikisimamisha, si kama hizi ndefu za 16:9 ambazo zikisimama zinakuwa ubao wa matangazo wa kanisa. Lakini imefungwa kwa gundi. Wale iFixit, wanaofungua vifaa na kuvipa alama za urahisi wa kutengenezeka, Surface Pro kadhaa waliipa 1 kati ya 10. Hiyo ni kwa watu wenye vifaa vyao vyote. Mpelekee fundi wetu mwenye bomba la hewa moto, kioo cha unene ule, na foleni ya simu kumi mbele yako. Pro 4 ndiyo iogope zaidi: ilikuwa na ugonjwa wa kioo kutetema, uliojulikana kiasi kwamba mwaka 2018 Microsoft walifungua mpango wa kubadilishia watu, na mpango huo umekwisha zamani. Kutetema huanza mashine ikipata joto. Dukani imewashwa dakika tano, itakuwa na joto gani? Iache iwake huku mkipatana bei, na mpatane kwa muda mrefu.

Tena mguu wake wa nyuma unataka meza. Mimi kazi yangu haina meza moja. Asubuhi nipo Igoma kwa mteja wa vifungashio vya unga, mchana kwa mchapaji mjini, siku nyingine nipo kwenye kivuko cha Kamanga natia rangi huku mtu kaniegemea akiuliza kama naweza kumchora na yeye. Mapajani, Surface inataka paja refu na abiria mwenzako asiyetikisika. Ya bawaba inakaa mapajani kama laptopu nyingine yoyote, ila ukiipindua ni kilo moja na zaidi mkononi, wakati Surface Pro 7 bila kibodi ni gramu 775 hivi. Chagua mateso yako. Mimi nimechagua uzito, kwa sababu nusu ya siku yangu si kuchora, ni kuandika: ankara, bajeti, hesabu za michango ya harusi ya kila binamu aliyeamua kuoa. Ndiyo sababu siwaelewi wanaosema mashine hizi za kugeuka ni kwa wasanii tu.

Chaji nayo. Ikiwa ya USB-C, unaomba chaja ya jirani, na umeme ukikatika Nyegezi unachomeka pawabanki yenye nguvu ya kutosha. Surface za zamani zina plagi yao ya sumaku peke yake. Bandari ya USB-C imeingia kwenye Pro 7. Ikiharibika hiyo ya sumaku, karibu kwenye utalii wa maduka.

Na kwa sisi wa kandokando ya ziwa, usichore usiku mlango wazi. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakiona kioo kinawaka wanakuja wote kama walivyo. Ukimfuta mmoja kwa kiganja anakuwa mstari wa kijivu, ukimfuta kwa kalamu amekuwa sehemu ya mchoro.

Najua wenye iPad mnanisubiri. Haya, nasema: Procreate ni programu tamu, unailipia mara moja basi, na kalamu ya Apple, tangu ile ya 2015, ni kati ya kalamu bora nilizowahi kushika. Kama kazi yako ni kuchora tu na kuna mtu mwingine anayehangaika na mafaili, nunua, utafurahi. Ila kalamu hiyo nayo inauzwa peke yake, Procreate haipo Windows, na mchapaji wangu bado ananipa faili la CorelDRAW, programu ya usanifu, kwenye flashi na kutaka nirekebishe pale amesimama.

Ushauri ulio mgumu zaidi kwangu kuupinga ni huu: laptopu ya kawaida, imara, fundi yeyote anaifungua, halafu kibao cha kuchorea cha Huion au XP-Pen pembeni, kile kisicho na kioo. Ni nafuu. Kalamu zake nyingi hazina betri. Kikifa kimoja kingine kinabaki. Sawa. Mwenye meza yake, kiti chake na chumba kinachofungwa, afanye hivyo na asinisikilize. Unachora huku macho yako mbele na mkono chini, unazoea. Yule binti nimemwazima changu cha zamani, kwenye laptopu ileile aliyouziwa, na kazi zake zinakwenda. Lakini jaribu kufungua vitu viwili na waya wake ndani ya daladala ya Buzuruga.

Ile mashine ya binti tulijaribu kuirudisha dukani. Wamekataa, kwa kuwa "ipo sawa, tachi inafanya kazi". Hawakudanganya, inafanya. Kwenye risiti yao imeandikwa "laptop" na bei, basi, hakuna kuchora wala kalamu popote. Kwa hiyo nawe unayekwenda kununua wiki hii, kabla hujatuma pesa, mwambie aandike kwenye risiti jina kamili la mashine, namba yote ya prosesa, na maneno "pamoja na kalamu yake, imejaribiwa". Akigoma kuandika, rudisha flashi na rula mfukoni, fremu ya jirani nayo iko wazi.