Mahamri arubaini tu

Mwaka 2011, vijana wenzangu hapa Lamu walipoanza kununua simu za kugusa, mimi niliwacheka. Mtu mzima anapangusa kioo kama anayefuta meza ya mkahawa! Nikampa binamu yangu shilingi 7,000 aniletee kutoka Mombasa Android ya mtumba, ile yenye kibodi ya kusukuma. Na hoja nilikuwa nayo, niliitoa hata pale nisipoulizwa: simu ya kwanza ya Android kuuzwa duniani, HTC Dream ya mwaka 2008, ilikuwa ya kusukuma. Mimi ndiye niliyeshika asili, wao wamepotea ndia.

Yangu haikuwa HTC Dream. Yangu ilikuwa ya bei ya chini, nene kama kipande cha sabuni ya mche, na kioo chake kidogo hakikusikia kidole, kilitaka ukucha. Ukiwa umekata kucha Ijumaa, mpaka Jumanne huna simu. Lakini ukikisukuma kile kifuniko kwa gumba, kilikuwa kinaruka chenyewe: klap! Chini yake vitufe vyote, kuanzia Q mpaka M, vinang'aa.

Ile klap ndiyo iliyoniponza. Jioni ya kwanza nilikaa nayo Mkunguni mbele ya ngome, na wazee wa baraza wakaipokezana. "Hebu nipa nione." Klap. "Ndoo nawe usikie." Klap. Mpaka adhana ya magharibi simu ilikuwa imefunguliwa mara nyingi kuliko mlango wa duka la unga. Ndani ya simu za namna hii kuna utepe mwembamba unaounganisha kioo na kibodi, mafundi wanauita fleksi, nao hujikunja kila ukifungua na kila ukifunga. Miezi miwili haikuisha, wangu ukachoka. Simu ikifungwa, kioo kinawaka. Ikifunguliwa, giza.

Yaani nikitaka kuona, sina kibodi. Nikitaka kibodi, sioni. Fundi wa Usita wa Mui, ile ndia kuu ya mji wetu, aliniambia fleksi yake itabidi iagizwe, tena kwa bei ambayo ningeongeza kidogo nikanunua simu nyingine. Mtu mwenye akili angetumia ukucha kwenye kioo. Mimi niliapa kwamba vidole vyangu vinazijua herufi, nikaanza kuandika gizani, nafunga, nasoma, natuma. Na kusema kweli nilikuwa hodari. Tatizo langu lilikuwa tarakimu.

Kibodi ile haikuwa na mstari wa tarakimu. Zilichorwa kwenye herufi za juu: Q ni 1, W ni 2, hivyo hivyo mpaka P ambayo ni 0. Unabonyeza kwanza kitufe cha pembeni, kile cha Fn. Ukikibonyeza mara moja, unapata tarakimu moja. Mara mbili, kinajifunga, na kila herufi ya mstari ule inatoka tarakimu mpaka ukifungue.

Siku hiyo tulikuwa tunangoja wageni kutoka Faza, wanakuja kumposa dada yangu. Watu saba. Mamangu akaniambia usiku, "Mwandikie shangazi yako, asubuhi atuletee mahamri arubaini." Nikafungua, klap, nikaandika gizani: *Shangazi shikamoo, kesho asubuhi mama ataka mahamri 40tu*. Nikafunga, nikaona salamu iko sawa mwanzoni, usingizi umenijia, nikagusa kutuma.

Baadaye akajibu: *Zote hizo mwanangu?* Nikajisemea, arubaini tu analalamika, uzee huu. Nikaandika kwa ukucha: *Ndiyo*.

Sasa tazama T na U. T ni 5. U ni 7. Fn ilikuwa imejifunga. Lile neno "tu" nililoliweka kupunguza ndilo lililoongeza: ujumbe ulifika ukisema mahamri 4057.

Shangazi si mjinga. Alijua hakuna mtu anayeagiza mahamri elfu nne. Akaamua hizo ni shilingi. Wakati ule hamri moja ilikuwa shilingi tano, akapiga hesabu: mia nane na kumi na moja, zinabaki shilingi mbili. Akawaamsha majirani wawili, wakafungua bale la unga, likaisha, wakafungua jingine. Usiku kucha mtaa wa Langoni ulinuka iliki.

Saa moja na nusu asubuhi wageni wameshakaa, nikasikia kelele uchochoroni: "Simileni! Simileni!" Punda wawili, vikapu vinne, vimefunikwa kanga. Uchochoro wetu punda mmoja tu anapita kwa adabu, kwa hiyo wa pili alibaki nyuma, kichwa dirishani kwa jirani, anatafuna kitu ambacho naamini kilikuwa chetu. Shangazi mbele, macho mekundu kwa moshi.

"Zilibaki shilingi mbili," akaniambia, "nikaona aibu kukukata hamri moja. Nimeikamilisha. Mia nane na kumi na mbili."

Mzee wa wageni alitazama vikapu vikiingia, kimoja, viwili, akamnong'oneza mwenzake: "Hawa wadhani tumekuja na Faza nzima?"

Posa ilikubaliwa, nadhani waliogopa kukataa. Mahamri yalikwenda kwa mabaraza ya Mkomani, kwa mabaharia, kwa watoto wa chuo. Tulikula kwa mbaazi, kwa samaki, kwa chai, kisha kwa chai iliyotangulia ili yalainike. Deni la shilingi 4,060 nililipa kwa miezi mitatu, na simu niliiuza humo humo. Aliyeinunua aliijaribu mbele yangu, klap, akacheka kwa furaha. Nilimwambia habari ya kioo. Hakusikia, alikuwa anaifungua tena.

Ujumbe wenyewe bado uko kwenye mulika mwizi ya shangazi, haufuti, na kila arusi unazungushwa. Mwaka uliofuata nilikwenda mwenyewe kwa miguu, nikasimama mlangoni kwake, nikamwambia kwa mdomo nataka mahamri ishirini.

Alinitazama. Akaingia ndani, akarudi na karatasi na kalamu.

"Andika kwa maneno," akasema. "Na hiyo 'tu' yako usiitie."