Huku wanakuuliza upande kabla ya dhehebu

Mtu akihama Kilolo kwenda Iringa mjini, au Makambako kwenda Mbeya, kanisa si jambo la kumnyima usingizi. Anachukua barua ya utambulisho kwa mchungaji wake, anaipeleka usharika ulio karibu na alikopanga, anasimamishwa wakati wa matangazo, watu wanampigia makofi, anapewa namba ya bahasha na kuelekezwa jumuiya ya mtaani kwake. Imeisha hiyo. Hakuna anayemuuliza alimpigia nani kura.

Huku Minnesota, Marekani, niliambiwa nitafute kanisa linaloendana na mimi. Aliyeniambia ni mfanyakazi mwenzangu, mtu mwema, na alikuwa ananisaidia kwa moyo wote. Akaanza kunihesabia: lile la kona ile ni la watu wa mrengo wa kushoto, lile lenye maegesho makubwa kando ya barabara kuu ni la watu wa Trump, lile dogo la matofali limebaki na wazee tu. Mawili kati ya hayo ni ya Kilutheri. Hakunitajia hata moja linafundisha nini kuhusu ubatizo au Chakula cha Bwana, na nilipouliza alinitazama kama nimeuliza rangi ya viti.

Ushauri ule ndio wa kawaida huku, na kila Mtanzania anayefika ataupata. Mimi nauona hautufai sisi tuliotoka Nyanda za Juu Kusini. Nadhani hata wenyewe hauwafai, ila hilo ni lao.

Kwanza, sisi makanisa yetu hatukuyachagua. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huohuo wamisionari wa Kilutheri wa Berlin wakaingia upande wa Konde. Wakagawana maeneo, kisha hao wa Berlin wakasogea hadi Ubena na Uhehe. Kilolo kuna kijiji kinaitwa Pommern mpaka leo, jina la jimbo la Kijerumani. Tosamaganga wakakaa Wabenediktini, baadaye wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Ndiyo maana wa Tukuyu ni Mmoraviani, wa Pommern ni Mlutheri na wa Tosamaganga ni Mkatoliki. Babu zetu hawakukaa chini wakapima hoja za Luther na za Papa. Ilitegemea mmisionari alipita njia ipi na alijenga kilima gani.

Utasema huo si msingi wa imani, na sikatai. Lakini angalia matokeo yake. Kwenye usharika mmoja unamkuta mwalimu wa CHADEMA, balozi wa nyumba kumi wa CCM, mwenye duka la pembejeo na mkulima anayedaiwa na duka hilohilo, wote wanasubiri kikombe kimoja. Iringa Mjini tuliwakilishwa bungeni na mchungaji kabisa, Peter Msigwa, kuanzia 2010 hadi 2020 kwa tiketi ya CHADEMA, na 2024 akahamia CCM. Watu walibishana vijiweni, walitukanana kwenye magrupu ya WhatsApp, lakini sijasikia aliyehama kanisa lake kwa ajili hiyo.

Pili, na hapa ndipo pagumu, maoni yetu hayakai kwenye mafungu yao. Siasa za Marekani zinauzwa kama kifurushi cha simu: ukitaka dakika, sharti ubebe na SMS ambazo huna wa kumtumia. Ukisema maskini atibiwe bila kufilisiwa, unapewa papo hapo na msimamo kuhusu kutoa mimba. Ukisema mimba isitolewe, unapewa na bunduki, ukuta wa mpakani na punguzo la kodi la matajiri. Mimi naamini mgonjwa atibiwe kwanza, naamini mfanyakazi awe na chama cha kumtetea, mimi mwenyewe ni mhamiaji, na mafundisho ya ndoa na uhai niliyopewa kipaimara sijayaacha. Wakinipima hivyo wanachanganyikiwa. Wa kushoto wananiona wa kulia, wa kulia wananiona mjamaa.

Na neno hilo mjamaa linanichekesha. Sisi ujamaa tunaujua. Tunaujua wa Isimani, ambako siku ya Krismasi 1971 mkuu wa mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi kwa ugomvi wa mashamba na sera ile. Mtu wa Iringa hahitaji kufundishwa na redio ya Marekani ubaya wa kulazimishwa. Lakini mtu huyohuyo amekulia kwenye kanisa lenye wodi. Ilula na Ilembula ni hospitali za Kilutheri. Tosamaganga ni ya Wakatoliki, na serikali yenyewe inaitumia kama hospitali teule ya halmashauri. Sijawahi kumsikia Mhehe hata mmoja akisema kumtibu mwenzio ni siasa.

Mahubiri ya kwetu pia hayajali kifurushi cha mtu. Mchungaji anakemea vijana wanaoishi pamoja bila ndoa, mama zetu wanaitikia "Amina!", kisha bila hata kuvuta pumzi anahamia kwenye lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo. Anauliza nani kati ya walioketi mbele hapa ananunua viazi kwa gunia lililoshonewa kofia, na madalali wanaangalia viatu vyao. Akimaliza hapo anaingia kwenye bei ya mbolea, ambayo kabla ya ruzuku ya 2022 ilikuwa imewashinda wengi. Mpeleke mchungaji huyo huku, hakuna kanisa litakalomvumilia Jumapili mbili. Nusu ya mahubiri itawafukuza hawa, nusu itawafukuza wale.

Kuna sheria ya tangu 1954 inayokataza makanisa yaliyosamehewa kodi kumpigia debe mgombea. Haisaidii sana, maana hakuna haja ya kumtaja mgombea. Bango la nje linatosha. Bendera ya upinde wa mvua mlangoni, umeshajua. Bendera ya Marekani yenye pindo la dhahabu kando ya madhabahu na maombi marefu ya wanajeshi, umeshajua vilevile. Mei 2020, George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi Minneapolis, ibada zilikuwa za mtandaoni kwa ajili ya korona, kwa hiyo Jumapili ya tarehe 31 niliweza kutazama mbili nikiwa mezani kwangu. Ilikuwa Pentekoste. Moja waliwaombea polisi na "utulivu wa mji", na jina la marehemu halikutajwa. Ya pili lilitajwa tangu salamu ya kwanza hadi baraka, na Roho Mtakatifu ndiye aliyekosa nafasi siku yake. Mimi ni baba wa watoto weusi wanaotembea barabara zilezile. Nilihitaji vyote viwili na nikapewa nusu nusu kwenye vioo viwili.

Sasa nisiwapambe wa nyumbani kupita kiasi. Amani ile ya kukaa benchi moja inalipiwa, na bei yake ni kunyamaza. Mkuu wa wilaya anakuwa mgeni rasmi kwenye harambee ya jengo, anapewa kipaza sauti atoe "salamu za serikali", salamu zinageuka hotuba ya nusu saa. Diwani wa upinzani aliyetoa mifuko ya saruji anatajwa jina tu, tena harakaharaka. Kuelekea Pasaka ya 2018 maaskofu wa KKKT, kanisa letu la Kilutheri Tanzania, walipotoa waraka uliogusa uhuru wa watu na hali ya siasa, si kila mahali ulisomwa, na waliousikia waliujadili kwa sauti ya chini wakiwa wameshafika getini. Agosti 2023 maaskofu Wakatoliki walipoupinga mkataba wa bandari na DP World, ghafla kila mtu akawa mtaalamu wa kueleza kwa nini kanisa lisiingie siasa, wakiwemo watu ambao mwezi mmoja nyuma walikuwa wanampigia makofi mgeni rasmi.

Na kuna mengine yasiyo ya vyama. Njombe ndio mkoa unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, Iringa unafuata, na Mbeya hauko mbali nayo. Niambie ni lini ulisikia kondomu ikitajwa mimbarini isipokuwa kwa kulaaniwa. Mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji zake anaombewa sana, ila mashemeji wenyewe wameketi safu ya tatu na hawaguswi. Huku angalau ningepata kanisa lenye kamati nzima ya jambo hilo, na mwanasheria wa kujitolea. Hilo nawapa Wamarekani, tena bila kinyongo.

Nilikoangukia ni lile dogo la matofali, la wazee. Si kwa sababu linaendana na mimi. Ni la Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani, lililopiga kura Agosti 2009, hapahapa Minneapolis, kuruhusu wachungaji walio kwenye uhusiano wa jinsia moja. Januari 2010 maaskofu wetu wakajibu kwa Tamko la Dodoma: ndoa ni ya mume na mke. Mimi niko na Dodoma, na mchungaji wangu anajua, maana nilimwambia kabla sijajiandikisha. Akasema karibu, viti vipo.

Kilichonivutia ni ukuta wa chumba cha chini wanakonywea kahawa. Pale pana picha ya kwaya ya usharika mmoja wa Iringa, sare za kijani, na chini yake kanga iliyobandikwa kwa pini. Sinodi ya St. Paul na Dayosisi ya Iringa wana ushirika wa miaka mingi unaoitwa Bega kwa Bega, usharika wa huku na usharika wa kule, na ushirika huo haukufa pamoja na kura ile na tamko lile. Bibi mmoja wa Kimarekani mwenye fimbo alinifuata Jumapili ya kwanza akaniamkia kwa Kihehe, "Kamwene!", kwa matamshi ya ajabu, halafu akaniuliza bati la geji 28 siku hizi ni shilingi ngapi, kwa sababu kanisa la rafiki zao bado halijaezekwa upande mmoja.

Mumewe ni mkulima mstaafu na hakubaliani naye karibu kwa lolote. Kwenye darasa la baada ya ibada niliwahi kuwaona wakivutana kuhusu wahamiaji, mzee anasema mipaka ilindwe, bibi anasoma Mambo ya Walawi 19 kuhusu mgeni, sauti zimepanda, na mimi mgeni mwenyewe nimekaa katikati yao na kikombe cha karatasi. Mzee akanigeukia: "Wewe unasemaje?" Nikasema mpaka ulindwe, lakini makaratasi yangu yalichukua miaka mingi kuliko ujenzi wa kanisa la kwetu. Akacheka, akasema hiyo hakuijua. Hakubadili msimamo. Baadaye tulikunja viti pamoja, akanipa bakuli la viazi na nyama lililofunikwa foili niwapelekee watoto.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta: mahali wanapobishana na hawatoki nje. Kwetu wanakaa pamoja lakini hawabishani. Makanisa mengi ya huku wanabisha, kisha kila mmoja anaenda kwa wa kwake. Sijui wale wazee wamebakiza miaka mingapi. Jumapili za baridi kali tunakuwa wachache kuliko kwaya moja ya Iringa, na vijana wanaopita wanasoma bango, hawaoni upande, wanaendelea na safari.

Mama mkubwa yuko Kihesa, na kila akipiga simu ananihoji. Amesikia habari za makanisa ya huku, ananiuliza kama na sisi ni "wale". Namweleza: kura ya 2009, tamko la maaskofu, mchungaji anajua msimamo wangu, yule bibi, bati. Anasikiliza yote kwa makini, anasema sawa, basi niwasalimie. Mara ya mwisho akaongeza swali: wana kwaya? Nikamwambia wanayo, ila hawana sare, kila mtu anaimba na nguo alizokuja nazo.

"Hawana sare?" Hilo ndilo lililomshtua. Sasa anataka vipimo vyao vya mabega.