Gari imepaki, imegongwa, alafu mwenye gari ndo anaulizwa

Mi ni mtoto wa Ujiji, nipo Ujerumani mwaka wa tisa sasa, na kuna kitu nilikiona Desemba nilivyokuja likizo mpaka leo kimenikaa rohoni. Nikiongea na ndugu kwenye simu wananiambia ah we ushakuwa mzungu, tuachie mambo yetu. Sasa acha niandike yote kwa mpangilio wangu.

Shemeji yangu ana gari aina ya IST, kaipata kwa kudunduliza miaka, ndo inayompeleka dada kliniki na ndo inayobeba mzigo wa duka. Siku hiyo tulipaki Mwanga ya Kigoma karibu na soko, nje kabisa ya lami, tukaingia dukani kununua misumari. Hatujamaliza hata kulipa tukasikia paa! Kutoka nje, Noah ya abiria ilikuwa inarudi nyuma kumuwahi mama mmoja mwenye mizigo, imeingia kwenye kona ya IST, taa ya nyuma ya kulia imepasuka yote, bampa imechomoka inaning'inia, buti haifungi. Shemeji aliinama akawa anaokota vile vipande vyekundu kwenye vumbi, kimoja kimoja, anavitia kwenye mfuko kama vile vitaunganishwa tena.

Neno la kwanza la yule dereva halikuwa pole, alisema braza na nyie mmepaki vibaya. Hapo watu washajaa, na kila mtu ana neno. Mzee mmoja ananishika bega, mwanangu wewe umetoka Ulaya, msamehe kijana mwenzio, gari yenyewe ya bosi, leo hajapata hata hesabu. Mwingine anasema hamna kesi hapo ni taa tu. Nilikaa nasubiri mtu mmoja aulize gari ipi ilikuwa inatembea na ipi ilikuwa imesimama, hakuna aliyeuliza. Swali lilikuwa nani ana uwezo, na mimi ndo nilionekana ninao, basi mzigo ukaanza kuhamia kwetu taratibu huku tunaona.

Trafiki alikuja, akaangalia leseni, akaangalia bima, akasema mnaelewana au twende kituoni. Shemeji anajua kituoni maana yake gari ilale huko na siku mbili tatu za kwenda na kurudi, duka limefungwa. Tukaelewana dereva atoe elfu sitini. Taa ya mtumba tu iliagizwa Dar, fundi wa bodi anataka hela ya kunyoosha, puti na rangi, jumla ilifika laki mbili na nusu. Hiyo tofauti nani alipe? Mtu aliyekuwa dukani ananunua misumari.

Na mimi nishawahi kugonga gari ya mtu huku. Miaka minne nyuma, saa kumi na moja alfajiri, baridi kali, natoka mtaani kwangu nawahi shifti, kioo changu cha pembeni kikakwangua kioo cha gari iliyopaki kikavunjika. Mtaa mzima umelala. Nikaandika jina na namba ya simu kwenye karatasi, nikaibana kwenye waipa nikaenda kazini, moyoni najua nimefanya uungwana. Kumsimulia mwenzangu kazini akanishika mkono, piga 110, namba ya polisi, sasa hivi, karatasi haitoshi! Kumbe sheria yao inataka usubiri pale muda wa kutosha, mwenye gari asipotokea utoe taarifa polisi bila kuchelewa, ukiondoka tu ni kosa la jinai, kifungu cha 142 cha sheria yao ya adhabu, faini au jela mpaka miaka mitatu. Kwa kugusa gari iliyosimama! Wameacha upenyo mdogo, kama ajali haikutokea kwenye magari yanayotembea, mfano ulikuwa unapaki, na hasara sio kubwa, ukajitokeza mwenyewe ndani ya saa 24, mahakama inaweza kukupunguzia au kukufutia adhabu. Nikapiga simu mikono inatetemeka. Polisi akaandika maelezo yangu, akapiga picha, yakaisha. Bima yangu ikamlipa yule mtu kioo chake, mwaka uliofuata bima ikapanda na nikalipa, kwa sababu kosa lilikuwa langu.

Kuna kitu hawana huku ila. Mwenye kile kioo mpaka leo simjui sura, nilipata barua tu. Kigoma yule dereva jioni alikuja nyumbani na mjomba wake, wakakaa kwenye mkeka, akaomba radhi ameinamisha kichwa, dada akawapa chai. Hilo silidharau hata kidogo, nilitamani na mimi ningemuomba radhi mtu uso kwa uso. Lakini radhi imeombwa na taa bado imevunjika, na mjomba alivyoondoka hakuna aliyegusia ile hela iliyobaki, sisi tukaona aibu kudai.

Na msinielewe kwamba gari iliyosimama haina kosa siku zote, hapana, hapo ndo penye uchungu wangu mkubwa. Binamu yangu aligonga lori lililosimama usiku njia ya Uvinza, mbele ya Kazuramimba, na pikipiki. Lori limeharibika, liko nusu ndani ya barabara, halina taa, halina pembetatu, wamekata majani wakaweka hatua chache nyuma ya tairi, nani anaona majani mabichi kwenye giza lile? Alivunjika mguu mara mbili. Asubuhi lori halipo. Ndugu wanahangaika na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na hospitali na watu wote wanasema alikuwa mwendo kasi, kwa sababu yeye ndo alikuwepo pale wa kulaumiwa. Huku ukisimamisha gari mahali pa hatari bila taa na mtu akaigonga, na wewe unabeba sehemu ya hasara.

Sheria kwetu ipo, ya usalama barabarani ni ya 1973 na bima ni lazima. Tatizo bima tunakata ili trafiki asitusumbue basi, wakati hata ile bima ndogo kazi yake ndo hiyo, kumlipa yule uliyemgonga. Ile Noah ilikuwa na bima. Tulisimama pale karibu saa nzima tunabembelezana elfu kumi kumi na hakuna hata mmoja, na mimi nikiwemo, aliyesema andikeni namba ya bima, pigeni picha magari kabla hayajasogezwa. TIRA, mamlaka ya bima, wana sehemu ya kuhakiki bima mtandaoni, ni dakika mbili na simu. Nimemwambia shemeji siku nyingine akubali tu kwenda kituoni, hata duka lifungwe wiki, siku hizo mimi nitamtumia hela ya kufidia.

Juzi kanitumia picha. Ile taa ya mtumba ilikuja haikai vizuri, ameizungushia selotepu nyekundu, na anasema yule dereva anapita pale dukani kila siku, anapunguza mwendo, anampigia honi ya salamu.