Waheshimiwa, hiyo mizizi mlituachia nyinyi?

Juzi nimetoka mkutano wa hadhara Newala hamu ya chakula imenikatika. Mheshimiwa mmoja, simtaji, kapanda juu ya gari na kutangaza kwamba serikali "imezithamini na kuzitambua" dawa za asili. Vigelegele! Kanga zikagawiwa.

Ahsante sana. Kwa hiyo mtoto alipoharisha, bibi zetu walisubiri barua kwanza ndipo wachemshe majani ya mpera?

Kinachoniudhi zaidi ni ule wimbo wa "tumeachiwa na mababu", utadhani babu aliamka asubuhi akakuta orodha ya dawa mlangoni. Hebu tuangalie miti yenyewe. Mkorosho, ambao magome yake tunasukutulia jino likiuma, ni mgeni hapa; Wareno waliutoa Brazili karne ya 16. Mpera nao umetoka Amerika. Mwarobaini ni wa upande wa India. Babu wa Kimakonde wa miaka 600 iliyopita hakuwahi kuuona mkorosho hata ndotoni. Basi kuna watu waliokuja baada yake, hapa hapa kwetu, na naapa wengi ni wanawake ambao hawakukanyaga darasa, walioukuta mti mgeni wakaonja, wakalinganisha, wakaacha kilichodhuru, kilichofaa wakamwambia binti na mkwe. Huo ni utafiti, jamani, na ulifanyika bila posho ya kikao.

Nimewahi kumfuata bibi mmoja wa upande wa mama kuchimba dawa. Alifukua upande mmoja tu wa mti, akakata kamzizi ka unene wa kidole gumba, akarudishia udongo na kuukanyaga. Nikamuuliza, "Bibi, mbona huu mkubwa unauacha?"

"Mjukuu wangu, kwani wewe utaumwa leo tu?"

Sasa wenye madaraka. Mwaka 2011 wakubwa walipishana Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mizizi cha shilingi 500. Mwaka 2020, korona ilipoingia, ikawa zamu ya nyungu, na Mei ndege ikatumwa Madagaska kufuata dawa ya chupa. Upepo ulipogeuka, kimya. Mti wa dawa kwao ni fulana ya kampeni, huvaliwa msimu mmoja kisha hufanywa tambara la deki.

Na sisi wa kusini tulishalipia dawa kuchanganywa na utawala. Watu waling'oa pamba Nandete, Kilwa, mwaka 1905, na walikuwa na haki, maana pamba ya Mjerumani ilikuwa ya viboko. Lakini maji ya Kinjeketile, yule mganga wa Vita vya Maji Maji aliyeahidi risasi zitageuka maji, yalikuwa dawa ya kuaminiwa kwa amri ya vita, haikupata muda wa kuonjwa wala kulinganishwa. Risasi hazikugeuka maji.

Haya, nakubali kwa shingo upande, maabara inahitajika. Stendi wamejaa matapeli wenye chupa moja inayotibu kisukari, presha na mapenzi. Sheria ya tiba asili ipo tangu 2002, baraza lipo, sina ugomvi nalo. Ila mwangalieni Tu Youyou wa China, aliyepata Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria itokanayo na pakanga: maandishi ya karne ya 4 yaliyomwonyesha njia yanatajwa, na jina la aliyeyaandika pia, Ge Hong. Kwetu linalobaki kwenye kumbukumbu ni jina la mgeni rasmi aliyefungua semina.

Gesi tuliahidiwa, 2013 tukaambulia mabomu ya machozi. Korosho 2018 zikafuatwa na malori ya jeshi. Siku hizi hata kukasirika naona uvivu, ila hili la mizizi limenishinda kunyamaza.

Kwa sababu msitu wenyewe unakwisha. Vichaka vya Lindi vinaliwa, ufuta unasogea, mikorosho inasogea, mkaa ndiyo usiseme. Yule bibi sasa anapanda bodaboda kwenda alikokuwa akienda kwa miguu na kurudi kabla jua halijawa kali. Nauli anatoa mwenyewe, na wagonjwa wake wengi hawana cha kumlipa.

Anayetaka kura yangu azuie kwanza malori ya mkaa yanayopita usiku. Hotuba abaki nazo.