Ng'ombe 14 Nisiowafahamu

Mimi ni mfasiri wa vitabu. Mali yote ya kazi yangu ni kompyuta, kamusi kadhaa na kiti kimoja chakavu, na ndiyo maana afisa wa kodi aliponiita na kuniomba, kwa upole kabisa, nieleze gharama za chakula na matibabu ya ng'ombe wangu 14 wa maziwa, niligeuka nyuma kuona kama kuna mtu mwingine aliyeingia. Hakukuwa na mtu. Kwenye ritani ile, yaani fomu ya mapato na gharama inayopelekwa kwa mamlaka ya kodi, palikuwa na jina langu, namba yangu ya mlipakodi, uchakavu wa mashine ya kukamulia na mshahara wa mchungaji.

"Mchungaji huyu ulimkata kodi ya mshahara?" aliuliza.

Nilijibu kwamba sijawahi kumwona. Aliandika jibu hilo polepole, kwa mwandiko wa kupendeza.

Msimu wa ritani ulipofika nilikuwa na majina mawili ya watayarishaji. La kwanza lilikuwa la binti mmoja aliyetaka ritani ya mwaka uliopita, taarifa za benki, risiti zote na vyeti vya kodi ya zuio ambayo wachapishaji walikuwa wamenikata, kisha akaniambia kwamba hawezi kuahidi kama nitarejeshewa chochote kabla hajapiga hesabu. Jina la pili lilikuwa la mzee aliyesifiwa na shemeji yangu kwa uzoefu wake mrefu. Shemeji ni mtu ambaye ushauri wake hauna mlango wa kutokea. Alisema binti anayeuliza maswali mengi hivyo bila shaka hajui kazi, kwa sababu anayejua haulizi.

Mzee kweli hakuuliza. Nilimwamkia, akaitikia, akapokea bahasha yangu ya risiti na kuiweka juu ya bahasha nyingine bila kuifungua, kisha akaniahidi kwamba nitarejeshewa kodi, naye atachukua asilimia fulani ya kitakachorudi. Leo najua kwamba mtayarishaji anayelipwa kwa kipimo hicho ana kila sababu ya kukuza kinachorudi, hata kama ni kwa kufuga. Ritani aliituma mwenyewe, na mimi nilioneshwa ukurasa wa mwisho tu, wenye kiasi cha kurejeshewa. Kilikuwa kikubwa, na shemeji alitembea kwa maringo.

Baada ya kutoka kwa afisa nilikwenda moja kwa moja kwa mzee.

"Shikamoo. Hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Marahaba, mwanangu. Hao ng'ombe ndio waliokurudishia fedha zako, na sasa unawakana?"

Waliosema kwamba mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi, sidhani kama walikuwa na mifugo ya aina hii akilini.

Nilirudi kwa binti, ambaye hakucheka, jambo ninalomheshimu nalo mpaka leo. Alinionesha kwamba nafasi ya sahihi ya mtayarishaji ilikuwa tupu. Mamlaka ya kodi ya Marekani, ambako sheria inamtaka kila anayelipwa kuandaa ritani aweke sahihi na namba yake ya utambulisho, huwaita wanaokwepa jambo hilo watayarishaji mizimu, na kwa kweli mbele ya afisa wangu alikuwapo mtu mmoja tu wa kuulizwa. Binti alieleza kwamba yaliyomo kwenye ritani humwangukia mlipakodi, hata ikiandikwa na nani. Tulituma ritani ya marekebisho isiyo na ng'ombe hata mmoja, nikarudisha fedha zote pamoja na riba. Asilimia ya mzee ilibaki kwa mzee.

Muda si mrefu shemeji, ambaye kwa riziki yake ni mfugaji, alinipigia simu. Alikuwa amepata barua inayomtaka aeleze kwa nini shamba la maziwa lilinunua kamusi na kulipia programu ya kutafsiri, na kwa nini mwaka mzima halikuuza hata lita moja. Baada ya kukohoa kidogo aliuliza kama yule binti bado anapokea wateja. Nilimpa namba, nikamkumbusha kwamba binti huyo anauliza maswali mengi.

"Hayo si tatizo," alisema shemeji, "mradi yawe yanahusu ng'ombe."