Mstari umenyooka, shoti ya nini?

Tamthilia za hospitali zinanikera kwa jambo hili: mgonjwa anazimika, mstari kwenye skrini unanyooka, daktari anadaka vile vibao viwili vya umeme. "Kaeni mbali!" Mwili unaruka, moyo unarudi. Jamani! Mstari ukinyooka, moyo hauna tena umeme wa kurekebishwa. Shoti ni ya moyo unaotetemeka ovyo bila kusukuma damu. Inaukata mtetemo huo ili mapigo yapate nafasi ya kuanza upya kwa mpangilio. Moyo uliotulia kabisa unahitaji kifua kikandamizwe na mgonjwa apewe adrenalini, dawa ya kusaidia moyo uanze tena kupiga.

Na huko kukandamiza kwenyewe! Mwigizaji amekunja viwiko, anabonyeza taratibu kama anakanda unga. Kifua cha mtu mzima kinatakiwa kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikono imenyooka. Mbavu huweza kuvunjika. (Naelewa mwigizaji mzima hawezi kufanyiwa hivyo, lakini midoli ya mafunzo ipo.)

Kibaya zaidi ni matokeo. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti kuhusu vipindi vitatu vya televisheni vya Marekani: asilimia 75 ya waliosimama moyo walinusurika papo hapo. Katika maisha halisi wengi hawarudi. Halafu familia inaambiwa baba hakuamka, inaamini madaktari wamezembea, maana kwenye televisheni karibu kila mtu huamka.