Arosto: wodini au nyumbani?

Aliyeamua kuacha pombe au heroini aivukie wapi arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa kilevi ulichokizoea: wodini, au nyumbani muuguzi akimpitia kila siku? Wodi ina uangalizi wa usiku kucha, lakini vitanda ni haba, na anayepangiwa tarehe ya mbali mara nyingi hubadili nia. Nyumbani hakuna foleni, ila hali ikigeuka saa 9 usiku hakuna mtaalamu. Mpokeaji aanze kwa kuuliza mtu anatumia nini.

Pombe ndiyo ya kuogopwa. Mnywaji wa kila siku akikatisha ghafla, huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24; degedege huja zaidi katika saa 48 za mwanzo, kisha kati ya siku ya 2 na ya 4 wengine huchanganyikiwa na kuona yasiyokuwepo. Hatua hii huua. Aliyewahi kupata degedege, mjamzito, au asiye na wa kukaa naye alazwe, bila mjadala. Dalili zipimwe kila saa chache, diazepamu, dawa ya kutuliza na kuzuia degedege, itolewe kwa kuzifuata, na sindano ya thiamini (vitamini B1) isichelewe kuliko dripu ya glukosi: sukari ikitangulia peke yake humaliza akiba ndogo ya vitamini B1, na ubongo huumia.

Arosto ya heroini hutesa zaidi ya inavyoua. Wengi wanaweza kuivukia nyumbani kwa maji ya kutosha na buprenofini, dawa ya jamii ya heroini inayotuliza arosto. Kosa kubwa ni haraka. Dozi ya kwanza, miligramu 2 hadi 4 chini ya ulimi, isubiri zipite angalau saa 12 tangu heroini ya mwisho na zionekane dalili za wazi: miayo, kamasi, vinyweleo kusimama, mboni kutanuka. Ikiwahi, huiondoa heroini kwenye vipokezi vyake ubongoni na kuleta arosto kali ya ghafla. Mgonjwa hukimbia na harudi.

Wanaopinga kuendelea na buprenofini au methadoni, dawa nyingine ya jamii hiyo, husema ni kubadilisha kilevi kwa kilevi. Anayetaka kuacha vyote asikilizwe, lakini aelezwe waziwazi: baada ya siku 7 mwili umepoteza mazoea, na kipimo chake cha zamani kinaweza kumuua. Kumruhusu aondoke bila dawa ya kuendelea, au bila naloksoni, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini, na ndugu aliyefundishwa kuitumia, ni uzembe, awe alikuwa wodini au nyumbani. Miadi inayofuata iandikwe kabla ya dozi ya mwisho, na asipofika atafutwe siku hiyohiyo.